Altezza ya zamani, mushahara wa mine: rotile italipwa na nani?

Mwisho wa mwezi mu Lubumbashi kuko fasi tatu zinazojaa watu: banki, soko na garaji. Mu Katuba, mu Kenya, mu Ruashi, motokari zinapangwa kando ya barabara, magurudumu inje, tumbo juu ya kriki. Kati yao haukosi kuona moja ya chini-chini, ya milango mine, yenye taa za nyuma za mviringo: Toyota Altezza. Mwenyewe anasimama pembeni na kofia ya kazi mu mukono, anamusikiliza fundi. Mara mingi ni mwenzetu, mufanyakazi wa mine. Na neno la fundi ni lilelile: "Papa, motere iko muzuri. Chini njo kubaya."

Sisi wa sendika tunasikia hiyo hadisi karibu kila mwezi. Haiandikwi mu kaye ya madai ile tunapeleka kwa wakubwa wa kampuni, juu watu wanafikiri ni jambo la majivuno: nani alikuambia ununue motokari ya sport? Lakini nyuma ya rotile imoja iliyokufa kuko avansi ya mushahara iliyokwisha kuliwa, kuko deni la riba, kuko watu watano wanaopanda pamoja kwenda kazi saa kumi na moja ya asubui. Kwa hiyo tunaona ni jambo la wafanyakazi wote, na tunaliandika waziwazi.

Bei ya kununua si bei yake

Kwanza tuijue motokari yenyewe. Altezza ilianza kuuzwa mu Japani mwezi wa 10 mwaka 1998, na ikachaguliwa kule kuwa motokari ya mwaka 1998-1999. Toyota iliacha kuitengeneza mu 2005. Ni kusema hata ile ya mwisho kabisa imefika miaka 20. Mu inchi zingine ileile iliuzwa kwa jina la Lexus IS 200. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ile inaitwa RS200 iko na motere ya litri 2 yenye nguvu ya farasi 210 na vitesi sita. Wakati ilikuwa mupya, haikuwa motokari ya mutu wa koleo.

Leo inatufikia kwa njia ile tunajua wote: meli mupaka Dar es Salaam ao Durban, kiisha barabara kupitia Zambia, kiisha Kasumbalesa. Juu ni ya zamani, bei yake inashuka mupaka pale mufanyakazi anaweza kufika na akiba ya mwaka, ao na primu, ao na malipo ya mwisho wa kontra. Na mutu anafurahi. Amefanya kazi miaka kumi mu vumbi, anataka kitu kizuri mbele ya nyumba yake. Hatumulaumu hata kidogo.

Lakini hapa njo watu mingi wanadanganyika: bei ya motokari inashuka na miaka, bei ya piesi haishuki nayo. Motokari iliyokuwa ya bei kali wakati wa upya wake inabakia na piesi za bei kali, hata kama umeinunua bei ya chini.

Tena suspansio yake haikutengenezwa kama ya taxi. Angalia Toyota IST ile tunapanda kila siku: mbele, kila gurudumu liko na mukono moja tu wa chini, nyuma, chuma kimoja kinaunga magurudumu yote mawili. Altezza iko na mikono ya juu na ya chini kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Kila mukono unashikwa na silembloki, ile mipira iliyofungwa ndani ya chuma. Upande wa gurudumu kuko rotile, kile kiungo cha mviringo kinachogeuka kama nyonga ya mutu. Ongeza amotisere ine, resori ine, na vile vyuma vidogo vinavyoshika bari ya kuzuia motokari isilale upande. Wingi wa viungo njo unafanya Altezza ikamate barabara muzuri mu virage. Lakini kila kiungo kitachoka siku moja, na kila kimoja kiko na bei yake.

Barabara yetu na motokari ya chini

Japani walifikiria barabara laini. RS200 ilitoka na pine za 215/45 za inchi 17. Maana ya ile namba: pine iko na upana wa milimita 215, na ubavu wake ni 45 kwa mia ya ule upana, ni kusema karibu sentimita 10 tu. Ni zile sentimita 10 zinazopokea shimo mbele ya suspansio kulipokea. Siye tunajua mashimo yetu. Wakati wa mvula, kuanzia mwezi wa 11 mupaka wa 3, maji yanayafunika na hauoni kina chake. Wakati wa jua, vumbi nyekundu ya mitaa isiyo na gudro inaingia mu kila rotile yenye kofia ya mupira iliyopasuka. Inachanganyika na grese, na kutoka hapo rotile inajisaga yenyewe. Ongeza zile dodani wakaaji wanajijengea mbele ya milango yao, bila alama. Ongeza barabara ya kuingia mu mine, pale makamyo yanapita usiku na muchana.

Tusisahau muzigo. Motokari inayoenda kazini haibebi mutu moja. Inabeba watano, na bote za chuma, na chakula. Kila siku.

Na volani iko kuume, juu Japani wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kuume. Ku barabara ya taifa namba 1, upande wa Likasi na Kolwezi, nyuma ya kamyo iliyojaa, shofere wa volani ya kuume haoni mbele. Anamuuliza yule anayekaa kushoto: "Kuko kitu?" Anatoka, kumbe kamyo ingine inakuja, anarudi haraka. Pale njo utajua kama amotisere zako ziko hai. Amotisere iliyokufa inaacha gurudumu liruke. Gurudumu linaloruka haligusi barabara, na freni haisaidii kitu ku gurudumu lisilogusa barabara. Rotile ya chini yenyewe, ikichomoka, gurudumu linalala na volani haiongozi tena kitu. Hii si starehe ya watu wa sport. Ni uzima wa watu watano.

Kupima mbele ya kutoa franka

Mu mine tunajua kazi hii. Benne kubwa ya kubeba mawe haingojewi mupaka ivunjike. Kuko masaa yake, ikifika, inasimama. Mafundi wanapima mafuta na azoti mu amotisere zake, wanatia grese, wanaandika mu kaye. Kampuni haifanyi vile juu ya kupenda benne. Inafanya juu imepiga hesabu: kutengeneza mapema ni bei ya chini kuliko kuvuta benne iliyolala mu shimo. Tunafanya kazi ile siku sita kwa juma kwa chombo cha kampuni. Kiisha tunarudi nyumbani na motokari inayolia "ko-ko-ko", na dawa yetu ni kupandisha sauti ya muziki.

Vipimo hivi kila mutu anaweza kufanya siku ya mapumuziko, bila chombo cha bei:

Sukuma kona moja ya motokari chini kwa nguvu, kiisha uachilie. Ikipanda na kutulia, iko sawa. Ikicheza mara mbili, mara tatu, amotisere ya ule upande imechoka. Inama pia uangalie mwili wake: mafuta yakitiririka, imekwisha.

Inua gurudumu la mbele. Kriki ikae chini ya mukono wa chini, karibu na gurudumu, juu mu Altezza ule mukono njo unabeba resori. Ukiinulia fasi ingine, resori itakuficha ubaya wa rotile. Weka pia gogo ya nguvu chini ya motokari. Kriki peke yake usiiamini. Shika gurudumu juu na chini, utikise. Likicheza, ni rotile ao rulema. Kwa kutenganisha, mwenzako akanyage freni wakati unatikisa: kama muchezo umepotea, ni rulema; kama unabakia, ni rotile. Kiisha shika kushoto na kuume: muchezo wa pale ni wa upande wa volani.

Angalia pine. Ikiliwa upande wa ndani tu, ujue magurudumu hayasimami tena sawasawa, na mara mingi ni silembloki iliyopasuka.

Mwisho, sikiliza. "Ko" moja nzito wakati wa kukamata freni ao kuondoka ni silembloki. "Ko-ko-ko" ndogo juu ya mashimo madogo, mara mingi ni vile vyuma vidogo vya bari. Vile vyuma ni kati ya piesi za bei ya chini kabisa. Lakini tunajua wenzetu waliouziwa amotisere ine juu ya kelele ya vyuma viwili. Mutu asiyepima anatengeneza kwa kubahatisha, na kubahatisha kunalipwa na yeye, hakulipwi na fundi.

Andika yote mu kaye: tarehe, kilometa, kilichoonekana. Peleka kwa mafundi wawili, kila mutu siku yake. Kile wote wawili wanasema, kishike.

Nini itengenezwe kwanza

Hakuna mushahara wa mine unaoweza kutengeneza yote mwezi moja. Lakini hakuna pia sababu ya kutengeneza yote mwezi moja. Kuko mustari.

Wa kwanza ni ile inayoua: rotile za chini, rotile za volani, rulema, na pine iliyochanika ubavu. Kama kimoja kati ya hivi kinacheza, motokari haitoki. Hata kama kesho ni poste ya asubui. Utapanda taxi-bus, utachelewa, utagombana na kapita, lakini utafika.

Wa pili ni amotisere, mbili-mbili za mbele ao mbili za nyuma. Usifunge moja mupya kando ya moja iliyokufa: upande moja utashika barabara, mwingine utaruka, na siku ya freni kali motokari itakuchagulia njia.

Wa tatu ni silembloki. Hapa njo feza mingi inaokoka. Wauzaji wanapenda kukuuzia mukono muzima. Kama chuma cha mukono hakikupinda, wa zamani unatosha: silembloki inatolewa na prese, mupya inaingizwa. Lakini sikiliza jambo moja ambalo halina bei. Bulo za silembloki zinakazwa za mwisho, wakati motokari imesimama chini juu ya magurudumu yake. Fundi akizikaza wakati magurudumu yananing'inia, mupira unajipinda siku ya kushusha motokari, na nyuma ya miezi kidogo unapasuka. Utasema piesi ilikuwa mubaya. Hapana, iliuawa siku ya kufungwa. Mwambie kwa heshima: "Papa fundi, ile ya mwisho tuikaze chini." Fundi anayejua kazi hatakasirika.

Wa ine ni paralelisme, na inakuja nyuma ya yote. Ukiifanya mbele, utairudia. Ukiiacha, pine mupya zitakufa mbele ya mwaka kuisha.

Kuhusu kununua: piga foto ya plaki ya shasi uende nayo. RS200 ni SXE10. Ndugu yake AS200, ya silinda sita, ni GXE10. Muuzaji asikupe "ya Altezza" tu. Na juu iliuzwa kama Lexus IS 200 mu Ulaya, mwenye ndugu kule anaweza kumuomba atafute, lakini namba ya piesi ilinganishwe mbele ya kulipa. Pine nazo: ile ya 205/55 ya inchi 16 iko karibu urefu sawa na ya 215/45 ya 17, lakini ubavu wake unapita sentimita 11. Kama janti ya 16 inapita juu ya freni zako, utapata mupira zaidi kati ya shimo na suspansio. Motokari itapunguza urembo kidogo. Rotile zitakushukuru.

Bei ya chini inayolipwa mara mbili

Kuko matengenezo ambayo ni deni tu.

Kukata resori, ile vijana wanapenda juu motokari ikae chini. Ile chini ilikuwa nafasi ya amotisere kufanya kazi. Ukiikata, kila shimo linapiga chuma kwa chuma, na amotisere mupya zinakufa kama za zamani.

Kupiga rotile nyundo ao kuisude ili isicheze. Inanyamaza juma mbili. Haikupona, imeficha tu ugonjwa.

Kununua rotile ya okazio. Unanunua uzee wa mwingine. Amotisere za okazio, mbili za motokari imoja, kavu bila mafuta, zinaweza kukufikisha mu miezi fulani. Lakini nazo ziko na miaka 20 ya motokari ile zilitoka.

Na nailoni ya turnere. Hapa tuseme kwa haki, juu Lubumbashi iko na maturnere na maajistere wa kweli. Wengi walijifunza mu ma-atelye ya Gécamines. Wakati wa Opération Départs Volontaires, ile ilianza mu 2003 kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines, na ufundi wao ukaingia mu viwanja vya nyumba. Mupaka leo wao na watoto wao wanafufua vitu ambavyo viwanda vimesahau. Silembloki ya nailoni waliyoichonga inaweza kusaidia kwenye bari, ao kukushikilia wakati unangoja piesi. Lakini nailoni haipindi kama mupira: pigo ambalo mupira ungelimeza, inalipeleka ku rotile na ku shasi. Na rotile yenyewe haichongwi. Turnere wa kweli atakuambia vile yeye mwenyewe.

Feza itatoka wapi?

Mara mingi inatoka fasi mubaya: kwa yule tunaita "banque Lambert", mutu wa riba anayekopesha wafanyakazi wakati mwezi ungali katikati. Tupige hesabu pamoja. Tuseme umekopa dolari 200 na faida ni nusu. Mwisho wa mwezi unadaiwa 300. Ukilipa ile 100 ya faida tu, mwezi unaofuata unadaiwa tena 300. Nyuma ya miezi tatu umetoa dolari 300, na deni lako ni lile la siku ya kwanza. Na amotisere ulizonunua zimeanza kuzeeka. Wengine wanaacha karti ya banki mikononi mwa mutu wa riba. Mufanyakazi wa vile anatengeneza motokari ya mutu mwingine.

Sisi tunaona njia tatu za kufaa zaidi.

Ya kwanza ni sanduku ya watu wanaopanda. Wenzako wane wanaopanda nawe wanatoa paka esansi, kama vile motokari inatembea kwa esansi peke yake. Tuseme kila mutu aongeze franka 1.000 kwa siku ya kazi. Watu wane, siku 24: ni franka 96.000 kwa mwezi, 288.000 kwa miezi tatu. Ile feza isilindwe na mwenye motokari. Ilindwe na moja wa wanaopanda, iandikwe mu kaye, na ikitoka, wote waone piesi. Wanaopanda nao wanapata faida: wako na haki ya kuuliza kama rotile inacheza. Maisha yao imo.

Ya pili ni likelemba ya matengenezo. Watu 10, dolari 30 kila mwezi, moja anapata 300. Lakini mustari usifuate ukubwa wala urafiki. Ufuate kaye ya vipimo. Yule wa rotile mubaya aanze, hata kama ni wa mwisho kuingia mu kundi.

Ya tatu ni kununua pamoja. Wenye motokari za aina moja wakiagiza amotisere pamoja kupitia Zambia, gharama ya njia inagawanywa na wote, na muuzaji anasikia sauti ya watu 10 kuliko ya mutu moja.

Ile mushahara hauhesabu

Lakini tusidanganyane: mipango mizuri haiwezi kufunika mushahara mudogo. Mu 2021, shirika RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi walitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa mine tano kubwa za upande wa Kolwezi. Walikuta 57 kwa mia ya wafanyakazi wako mikononi mwa kampuni za sutretansi. Walipiga pia hesabu ya mushahara wa kuishi na familia kule: dolari 402 kwa mwezi. Serikali yenyewe iliacha mushahara wa chini kabisa ku franka 7.075 kwa siku tangu 2018, mupaka ulipopandishwa ku 14.500 mu 2025. Mbele ya namba kama hizi, amotisere mbili si kitu kidogo.

Na sutretansi inaharibu hata likelemba. Hesabu tuliyopiga pale juu inaomba miezi 10. Mufanyakazi wa kontra ya miezi tatu ataingia namna gani? Wenzake wanaogopa: akipata wa kwanza, kontra ikiisha, nani atalipa? Kwa hiyo anaachwa inje, na yeye njo aliye karibu zaidi na mutu wa riba. Kwa wale tunashauri likelemba fupi, ya watu watatu, miezi tatu, kwa piesi za mustari wa kwanza tu. Ni kidogo, lakini rotile ya chini inaweza kuingia mule.

Sheria nayo tuikumbuke. Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inatenganisha indemnité ya transport na mushahara. Haisemi ni kitu kimoja. Kwa hiyo mukubwa anayesema "mumelipwa, mujipange na njia" anachanganya vitu viwili. Mufanyakazi anayepelekwa poste ya usiku, kilometa makumi kutoka nyumbani, bila bisi, anaweka motokari yake mu kazi ya kampuni. Pine zake, rotile zake, mugongo wake. Kampuni inajua vizuri bei ya kilometa kwa benne yake. Haiwezi kujifanya haijui bei ya kilometa kwa Altezza ya mufanyakazi.

Kwa hiyo tunaomba madelege wa kila kampuni waandike mu kaye ya madai mambo mawili: bisi kwa kila poste, hata kwa watu wa sutretani, na pale bisi haiko, indemnité ihesabiwe kwa kilometa na kuchakaa kwa motokari, si kwa bei ya tiketi ya taxi-bus peke yake. Kuomba hivi si kuomba kampuni ilipe starehe yetu. Ni kuomba ilipe njia ambayo yenyewe inatutuma.

Na kwa ndugu ambaye amepima, amepiga hesabu, na anaona mustari wa kwanza peke yake unapita miezi mbili ya mushahara: tunakuambia bila kukucheka, uza. Umwambie mununuzi ukweli wa kile kilicho chini, kiisha utafute ile ya mukono moja na ya chuma kimoja nyuma. Itakuwa na sura ya taxi na haitageuza shingo za watu. Lakini shule ya watoto italipwa, na mutu wa riba atabaki na feza yake.

Kwa wale wanaobaki na Altezza, na tunajua ni wengi: siku ya mapumuziko inayokuja, kriki, gogo ya nguvu, kaye na biki. Nusu saa inatosha kwa magurudumu ya mbele. Mumuite na yule anayepanda kushoto, ashike upande wake.